Mtandao wa chuo hufia ndani ya geti

Nyuma ya jengo la utawala la chuo kikuu kimoja nilichokitembelea mwaka jana kuna ukuta mweupe wenye madoa meusi, yamejipanga kwa kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi chini. Ni mafuta ya nywele. Kila jioni wanafunzi huja hapo na kompyuta mpakato zao, wakakaa kwenye sakafu ya saruji na kuegemeza visogo ukutani, kwa sababu ndani ya dirisha la ofisi iliyo juu yao kuna kifaa cha waifai kinachoshika vizuri kuliko vyote chuoni. Mabweni yako mwendo wa dakika kumi na tano kutoka hapo, na njia haina taa.

"Shikamoo," binti wa mwaka wa pili alinisalimu bila kuinua macho kwenye kioo. Ilikuwa saa tano na robo usiku, na kazi yake ya darasani ilitakiwa iwe imepanda kwenye mfumo kabla ya saa sita.

"Marahaba, mwanangu. Kule bwenini mtandao haupo?"

"Upo, mzee. Mistari yote imejaa. Ila haufungui kitu. Na bando langu limekata tangu juzi."

Upo, ila haufungui kitu. Kesho yake nilikwenda kwenye kitengo cha TEHAMA cha chuo hicho, na fundi wa zamu akanionyesha kwenye skrini mchoro wa matumizi ya intaneti ambayo chuo kinainunua. Saa ile ile ambayo binti yule alikuwa amekaa chini ukutani, mstari wa matumizi haukufika hata nusu ya kile kilicholipiwa. Chuo kilikuwa na intaneti ya kutosha, tena ya kubaki. Haikuwa inafika bwenini. Tangi limejaa juu ya mnara, bomba la uani linatoa upepo.

Mchoro ule ndio ulionifanya niandike makala haya. Kila mwaka vyuo vyetu vikilalamikiwa kuhusu mtandao, jibu la kwanza linalotoka ofisini ni "tutaongeza intaneti". Mara nyingi jibu hilo limepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka kumi, na linakula fedha ambazo zingefanya kazi mahali pengine.

Lakini sishangai kwa nini limeganda vichwani mwetu. Sisi tuliosoma mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulilelewa na njaa ya intaneti. Ilikuja kwa setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lako lilipanda huko, likashuka upande wa pili wa dunia, jibu likapanda tena na kushuka. Hata likienda kwa kasi ya mwanga, safari hiyo humaliza karibu nusu sekunde kabla seva haijaanza kufikiri. Tulipanga foleni nje ya maabara ya kompyuta, kila mmoja na dakika zake thelathini, na kuna siku dakika hizo ziliisha ukurasa wa kwanza ukiwa bado unajichora. Utafiti uliofanywa katika vyuo vikuu vya Afrika katikati ya miaka ile ulikuta kwamba chuo cha kawaida kilikuwa na intaneti inayolingana na ile ya nyumba moja ya Ulaya, nacho kiliilipia mara hamsini ya bei waliyolipa wenzao wa kwingineko. Utafiti huo huo ulisema jambo la pili ambalo halikuvuma sana: hata hicho kidogo kilichokuwapo, vyuo havikuwa vikikipima wala kukisimamia.

Halafu ikaja mikongo ya baharini. TEAMS ulitia nanga Mombasa mwaka 2009 ukitokea Fujairah. SEACOM ukawashwa Julai mwaka huo huo, ukigusa Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, unaotambaa chini ya bahari toka Afrika Kusini hadi Sudan. Tanzania ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hadi mikoani na mipakani. Vyuo navyo vikajifunza kununua pamoja, kama wanakijiji wanaochanga kukodi lori moja badala ya kila mtu kubeba gunia lake. Kenya ilikuwa imeanza mapema na KENET, iliyoundwa mwaka 1999; Uganda wana RENU, Tanzania TERNET, na juu yao kuna muungano wa UbuntuNet ulioanza mwaka 2005, wenye makao yake Lilongwe. Bei ya megabiti moja ikaporomoka. Njaa ya nje ikaisha, au angalau ikapungua kiasi cha mtu kuweza kulala.

Tulichosahau ni kwamba mkongo unaishia getini. Toka hapo hadi kwenye meza ya mwanafunzi, kila mita ni ya chuo chenyewe.

Fundi yule, kijana wa miaka thelathini na kitu, alinichukua tukazunguka. Alianza kwa kufunua mfuniko wa shimo pembeni ya barabara ya chuo. Ndani kulikuwa na maji ya mvua, bomba jeusi la plastiki, na ndani ya bomba waya wa faiba mnene kama kidole gumba. Alikuwa na kipande kingine mfukoni, akakimenya kwa kisu, tabaka baada ya tabaka, mpaka akafika kwenye uzi wenyewe wa kioo. Njia ya mwanga katikati ya uzi wa aina hiyo, ile mafundi wanayoiita singomodi, ina upana wa mikroni tisa hivi. Unywele wa mtu ni kama mikroni sabini.

"Huu ukiufukia leo, mzee, wajukuu zako wataukuta," aliniambia. "Ukitaka kasi zaidi unabadilisha vifaa vya huku mwisho na huku mwisho. Hugusi ardhi."

Kisha akanionyesha jengo la pili, ambalo lilivutiwa faiba ya aina nyingine miaka mingi iliyopita, maltimodi ya zamani yenye njia pana ya mikroni 62.5. Wakati ule vifaa vyake vya miisho vilikuwa rahisi, na kwa gigabiti moja inavumilia mita mia mbili na kitu. Ukitaka gigabiti kumi kwa vifaa vya kawaida, inaishiwa pumzi kwenye mita 33. Jengo lile liko mbali kuliko hapo. Kwa hiyo mtaro wote uchimbwe upya, barabara ikatwe, bustani ya mkuu wa chuo ivurugwe, kwa sababu siku moja mtu alichagua waya kwa kuangalia bei ya siku hiyo. Ukikutana na neno "kuboresha mtandao" kwenye mpango mkakati wa chuo, ujue sehemu kubwa yake ni hii: koleo, mabomba, na uamuzi wa kufukia kitu kitakachodumu.

Umbo la mtandao nalo lina maneno yake. Majengo mengi ya vyuo vyetu yaliunganishwa kwa mnyororo. Maktaba ilipata mtandao, kitivo cha jirani kikavuta toka maktaba, bweni likavuta toka kitivoni. Ni kama bomba la maji linalopita jikoni kwa jirani kabla ya kufika kwako: akifunga koki, na wewe umekauka. Umeme ukikatika maktaba, bwenini wanalala bila mtandao hata kama taa zao zinawaka. Njia iliyo sahihi, ambayo wakufunzi wa Network Startup Resource Center wa Chuo Kikuu cha Oregon wamekuwa wakiwafundisha mafundi wa Afrika kwa miaka mingi, ni umbo la nyota: kila jengo na faiba yake hadi kitovuni. Inakula waya mwingi zaidi. Inakupa usingizi.

Na kati ya jengo na jengo isiwe shaba. Bado zipo nyaya za shaba zinazoning'inia toka paa hadi paa, zimefungwa kwa kamba, kwa kuwa mita mia moja zinafika na faiba "itakuja mwakani". Msimu wa mvua radi ikipiga karibu, waya huo hubeba umeme kutoka jengo moja hadi jingine na kuunguza kila ulichoshika. Kioo hakipitishi umeme. Fundi yule ana sanduku la karatasi limejaa swichi, vile vifaa vya kugawa mtandao, zilizokufa kwa radi, anazitunza kwa ajili ya vipuri. Nilinusa moja. Harufu ya kuungua bado ilikuwamo.

Niseme kisa kimoja kilichonitokea mwenyewe. Niliwahi kufundisha kwa mkataba katika chuo ambacho sitakitaja. Asubuhi moja ya wiki ya matokeo, mtandao wa chuo kizima ulizimika. Uhasibu hawakuweza kupokea ada, ofisi ya mitihani haikuweza kuingiza alama, wanafunzi walijaa kwenye korido wakidhani wamefichwa matokeo. Mafundi wawili walikwenda jengo kwa jengo wakichomoa waya mmoja mmoja, na saa nane mchana ndipo walipoupata mzizi wa fitina. Chini ya meza katika chumba kimoja cha semina, mama mmoja wa usafi alikuta ncha ya waya imelala sakafuni. Kwa unadhifu wake akaiokota na kuichomeka kwenye tundu tupu la kiswichi kilichokuwa pale. Ncha ya pili ya waya ule ule ilikuwa tayari imechomekwa kwenye kiswichi hicho hicho.

Kilichotokea kinaeleweka hata bila kusomea kompyuta. Katika mtandao kuna ujumbe ambao ni mbiu ya mgambo: unatangazwa kwa wote. Swichi ikiipokea mbiu, inaipaza kwenye matundu yake yote. Ukiunganisha tundu na tundu, mbiu inatoka hapa, inarudi pale, inapazwa tena, na tena, mara maelfu kwa sekunde, mpaka nyaya zote zimejaa kelele na hakuna neno la maana linalopita. Dawa yake ni ya kale. Mwaka 1985, Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alibuni utaratibu wa swichi kutambua mzunguko wa namna hiyo na kuufunga zenyewe. Akautungia na shairi la kuufafanua. Swichi zinazosimamika huja nao. Viswichi vya bei ya chee vinavyonunuliwa dukani kwa fedha ya ofisi mara nyingi havina, na pale kitovuni utaratibu huo ulikuwa umeachwa bila kuwashwa.

Mama yule aliitwa, akahojiwa, akalia. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Hakukosea chochote. Chuo kilichoacha waya mmoja uweze kuzima idara zote kilikuwa kimejitegea mtego, na siku yoyote mtu yeyote angeukanyaga.

Juu ya umeme nitasema machache. Chumba cha mitambo kina UPS, kifaa cha kushikilia umeme unapokatika; UPS ina betri, na betri za aina hiyo huishi miaka mitatu hadi mitano. Joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi kumi nyingine, umri huo hupungua karibu nusu. Na vyumba vingi nilivyoingia ni stoo za mafagio zisizo na hata dirisha. Miradi ya wafadhili hununua vifaa kwa mkupuo. Betri za mwaka wa nne hazina mfadhili.

Waifai nayo ina ukomo usiojulikana na wengi. Katika masafa ya zamani ya gigahezi 2.4 kuna njia tatu tu zisizogongana: ya 1, ya 6 na ya 11. Ukumbi wa watu mia tatu, kila mmoja na simu na kompyuta, hauwezi kutegemea kifaa kimoja kilichobandikwa mlangoni, na ukiongeza vifaa kumi kwenye njia zile zile vitazomeana kama wachuuzi stendi. Hapo tena mwanafunzi ataona mistari imejaa, na hakitafunguka kitu. Inabidi mtu apime ukumbi, ahamishie simu nyingi kwenye masafa ya gigahezi 5, apunguze nguvu ya vifaa badala ya kuiongeza. Ni kazi ya siku kadhaa ya mtu anayejua.

Mtandao ukishasimama, ndipo huduma zinapata pa kukaa, na hizi ndizo mwanafunzi anazozijua kwa jina. Usajili wa masomo. Matokeo. Namba ya malipo ya ada. Mfumo wa kujifunzia, ambao katika vyuo vingi vyetu ni Moodle, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, mtu aliyesomeshwa utotoni kwa redio kwa kuwa nyumbani kwao jangwani hapakuwa na shule ya karibu. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, ndipo tulipojua ni wapi Moodle ilikuwa hai na ni wapi ilikuwa pambo la tovuti.

Huduma ninayoipenda kuliko zote ni eduroam, na ningependa kila mzazi aielewe. Wazo lake lilianzia Uholanzi mwaka 2002, na leo linatumika katika nchi na maeneo zaidi ya 100. Mwanafunzi wa Nairobi anafika Kampala kwa mashindano ya midahalo. Anafungua kompyuta yake kwenye kampasi ya wenyeji, na inaunganika yenyewe, bila kuomba nywila kwa mlinzi. Chuo mwenyeji hakimjui, na hata nywila yake hakiioni. Kinapeleka swali nyumbani kwake kupitia RENU na KENET: huyu ni wenu? Nyumbani wanajibu ndiyo, mlango unafunguka. RENU wamekwenda mbele zaidi wakaiweka eduroam hata nje ya kampasi, maeneo ya mjini ambako wanafunzi wanaishi. Lakini ili chuo kijibu swali hilo la "huyu ni wenu?", lazima kiwe na daftari moja la kweli la watu wake: nani amesajiliwa, nani amehitimu, nani ameacha kazi. Vyuo vingi vina madaftari matano yasiyosemezana. Mwanafunzi ana nywila ya usajili, nyingine ya maktaba, nyingine ya baruapepe, na mhadhiri aliyestaafu bado anaweza kufungua mfumo wa alama. Kuunganisha madaftari hayo hakuhitaji koleo wala mfadhili. Kunahitaji ofisi ya msajili, ofisi ya utumishi na kitengo cha TEHAMA vikae meza moja. Nimeambiwa na zaidi ya fundi mmoja kwamba hapo ndipo pagumu kuliko mtaro wowote.

Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kusini mwa pwani yetu, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku kama hiyo huuliza chuo maswali mawili. La kwanza, je, una njia ya pili ya kutoka? La pili, masomo ya wanafunzi wako yamekaa wapi? Chuo ambacho seva zake ziko nyumbani, au kwa jirani ndani ya nchi, kinaweza kuendelea kufundisha mkongo ukiwa umelala. Na swali la tatu linatoka Makerere, ambako usiku wa kuamkia Septemba 20, 2020 moto uliteketeza Jengo Kuu lililojengwa mwaka 1941. Moto ukiingia usiku kwenye jengo la utawala la chuo chako, nakala ya pili ya alama za wanafunzi iko jengo gani?

Fedha sasa zipo kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Mradi wa HEET, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa dola milioni 425, unajenga madarasa, maabara na miundombinu ya TEHAMA katika vyuo vya umma vya Tanzania. Ninafurahi kwa moyo wote. Hofu yangu ni juu ya watu. Fundi niliyezunguka naye alijifunza kazi kwa miaka sita, sehemu yake kwa kujitolea likizo zake kwenye mafunzo. Anasimamia kampasi nzima pamoja na wenzake wawili. Ameweka LibreNMS, programu ya bure inayomwonyesha kila swichi, ya kijani ikiwa hai na nyekundu ikiwa imekufa, hivyo hujua bweni limezimika kabla mwanafunzi hajalalamika. Wiki niliyokuwa pale alikuwa ameitwa kwenye usaili na kampuni ya simu. Sikumuuliza mshahara wake. Nilimuuliza kama ataondoka, akacheka, akafunika shimo.

Akienda, ataondoka na ramani yote kichwani: mtaro unapita wapi, waya upi ni wa zamani, ni wapi mtu aliunga kwa haraka mwaka ule wa mvua. Vifaa vipya vitafika kwenye maboksi na hakutakuwa na wa kuvifunga kwa umbo la nyota. Vitafungwa kwa mnyororo, kama vya kale.

Wajumbe wa mabaraza ya vyuo, mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kabla hamjapitisha fungu la kuongeza intaneti, mwiteni fundi wenu, siyo mkurugenzi wake, mkae naye saa moja. Mwombeni awaonyeshe mchoro wa matumizi ya saa tano usiku. Mwulizeni betri za chumba cha mitambo zilibadilishwa lini, na ni nani atakayejua mitaro ilipo iwapo yeye hatakuwapo. Kisha nendeni bwenini kwa miguu, jioni, mkajaribu kufungua kitu.